Kicheko cha Sabina

Ilomba, Mbeya
10 Aprili 2024

Mpendwa Vere,

Kamwene, mwanamke wa Kihesa. Kitabu kimefika jana. Konda wa basi kanikabidhi kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha kitenge kama mtoto mchanga. Charles alikuwepo, akaniuliza, "Hivi nyie wawili hamna simu?" Nikamwambia simu tunazo, ila tulianza kuandikiana tukiwa shule, wewe bweni la chini, mimi bweni la juu, na mtu uliyezoea kumsoma huwezi kumgeuza wa kumsikia tu. Hakuelewa. Ndoa yetu ya Desemba ina kazi.

Nakisomea kibandani kwangu Mwanjelwa, katikati ya wateja. Leo mama mmoja kashika kiatu cha mtoto, kaniuliza bei, kaniuliza tena, na mimi nipo kitabuni pale ambapo yule mjane anamfungia shemeji yake stoo. Mama akaondoka zake. Viatu vitauzwa kesho, shemeji lazima nijue kama anatoka leo.

Jumapili ukumbi wetu wa nyuma ya gesti ulijaa mpaka watu wakakalia makreti ya soda. Wanatoka kanisani, wanakula, saa tisa alasiri wanakuja kucheka, mimi nikiwa jukwaani. Mafundi, mama ntilie, walimu. Mzee wetu wa kanisa naye anakuja, anakaa nyuma kabisa amevuta kofia, anadhani simwoni. Lakini nimechoka na vichekesho vya ng'ombe wa baba kule Usangu. Watu wameshawajua ng'ombe wote kwa majina. Nipe kitu kipya kuhusu wanaume. Wewe unaishi na mmoja, mimi bado najifunza.

Wako,
Roza Nkuba


Kihesa, Iringa
16 Aprili 2024

Roza mpenzi,

Mwangaluka. Huku baridi imeanza, cherehani asubuhi inagoma mpaka niipashe juani. Wenzangu wa kusoma tunakutana Jumamosi baada ya Jumuiya, kila mmoja na kikombe chake. Kabla sijakutumia kitabu tuligombana kweli kweli juu ya yule mjane. Mama mmoja alisema amefanya vizuri kumfungia, mwingine akasema ni dhambi. Obeid mume wangu alikuwa anatengeneza baiskeli nje, akapiga kelele dirishani, "Mimi nimesoma mwisho, anakufa!" Nilitaka kumrushia kikombe. Miaka kumi ya ndoa, bado anaanza vitabu kwa kurasa za mwisho.

Umeniomba kitu cha wanaume. Haya. Jirani yetu wa nyuma anampiga mkewe. Tunasikia kila kitu, ukuta ni tofali moja. Akimaliza, anamwita mke huyo huyo, "Mama Deo, niletee maji ya moto nikande mkono. Leo umeniumiza sana na hicho kichwa chako." Roza, nilipomsikia nililia, halafu nikacheka, halafu nikaona aibu. Obeid alikwenda kugonga mlango, akafukuzwa na panga.

Kama wewe unaweza kukifanya kitu hicho kichekeshe, kifanye. Wanaume wa namna hiyo hawaogopi polisi wala padri. Labda wanaogopa kuchekwa.

Wako,
Verediana


Ilomba
25 Aprili 2024

Vere,

Samahani kwa mwandiko, mkono wa kulia umeteguka. Niliteleza jukwaani Jumapili. Si kitu kikubwa. Charles ananisaidia kufungua kibanda.

Kichekesho chako nilikitumia. Watu walicheka sana.

Nitaandika vizuri nikipona.

Roza


Kihesa
3 Mei 2024

Roza,

Umeniandikia barua ya mistari michache. Wewe, ambaye ukiumwa na mafua unaandika kurasa nne.

Juzi alikuja Faustina, binti wa baba mdogo, yule anayenunua vitambaa Mwanjelwa. Anasema alikuona umekaa kituo cha polisi, gauni la njano limejaa damu kifuani, na Charles kasimama nyuma yako amekushika mabega.

Sasa nakuuliza na unijibu. Ni Charles? Kama ni yeye, usinifiche kwa kuwa nimeshashona gauni la harusi. Gauni linafumuliwa. Kumbuka tulivyomcheka dada yako Veronika kwa kusema kila mwezi kwamba ameanguka bafuni. Hatukujua. Mimi sasa ni mtu mzima, najua. Panda basi uje. Obeid ameshasafisha chumba cha uani.

Verediana


Ilomba
8 Mei 2024

Vere,

Mwache Charles wangu. Barua yako ameisoma mwenyewe, akakaa nje akiangalia miguu yake kama mtu aliyefiwa. Ngoja nikuambie yaliyotokea, maana kwa kuficha nimemchafua mtu asiye na kosa.

Jumapili ile nilianza na ng'ombe, watu wakapata joto. Halafu nikaingia kwenye maji ya moto. Nilikaa kwenye kiti, nikatanua miguu kama dume, nikapulizia ngumi yangu. "Mama nanii! Leo umeniumiza sana na hicho kichwa chako!" Ukumbi ulipasuka. Wanawake walipiga mapaja, wanaume nao walicheka huku wanaangaliana.

Mstari wa pili alikaa mwanamke mmoja mwembamba, kilemba cha bluu. Alicheka tofauti na wote. Alicheka kama mtu anayetapika, ameinama, ameshika tumbo, anapiga mguu chini. Nami nikamchezea yeye. Nikarudia, "Maji ya moto!" Akaanguka kutoka kwenye kiti.

Aliyekaa pembeni yake akasimama. Baba mmoja mwenye mwili mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi, anaitwa Bartholomeo. Akamwinua kwa kilemba pamoja na nywele. Akasema, "Umemwambia! Umekwenda kumwambia huyu malaya mambo ya nyumbani kwangu!" Akampiga na chupa ya soda usoni.

Vere, watu walicheka. Walidhani tumepanga. Emsii alipiga makofi. Hata mimi, naapa kwa Mungu, kwa muda kidogo nilidhani emsii ameniwekea watu wa kuigiza. Alimpiga tena, chupa ikavunjika, na bado watu wa nyuma wanacheka na kurekodi. Nilijua pale nilipoona kiti cheupe cha plastiki kimekuwa chekundu, na mwanamke hajikingi. Alikuwa amezoea. Mikono ilikaa tu pembeni.

Niliruka chini na stendi ya maiki. Ile ya chuma, yenye kitako kizito. Nilimpiga begani, mfupa ukalia kama kuni kavu. Akaanguka. Hapo ningeacha. Sikuacha. Nilimpiga tena akiwa chini, na tena, mgongoni, na nilijisikia vizuri. Nakuambia wewe tu. Nilijisikia vizuri kama mtu anayekunywa maji baada ya kiu ya siku nzima. Charles ndiye aliyenikumbatia kwa nyuma akaninyang'anya ile stendi. Mkono uliteguka hapo, tukigombania.

Yule mwanamke anaitwa Sabina, na damu ya kwenye gauni langu ni yake. Wamemshona kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni. Polisi walipomuuliza alisema, "Nilianguka kwenye kiti, chupa ikavunjika." Mumewe ana bega lililovunjika na mashahidi, mimi nina kesi ya kujeruhi. Niko nje kwa dhamana.

Kinachoniuma si kesi. Mwanaume yule ameamini mkewe ndiye aliyenisimulia. Kumbe yalitoka kwa jirani yako wa Kihesa. Ni wanaume wawili, miji miwili, na maneno yale yale.

Roza


Kihesa
15 Mei 2024

Roza,

Sijalala vizuri tangu barua yako. Mwombe Charles radhi kwa niaba yangu, na mimi nitamwomba mwenyewe nikimwona.

Kichekesho nilikupa mimi. Mwanamke amepasuliwa uso kwa maneno niliyoandika nikiwa nimekaa kwa raha na chai yangu. Nimekwenda kuungama. Padri alisema si dhambi yangu, lakini nilitoka nikiwa na mzigo ule ule.

Nakuomba kitu kimoja. Acha jukwaa. Angalau mpaka kesi iishe. Huyo mtu ana ndugu. Na yale uliyoniandikia, kwamba ulijisikia vizuri, yameniogopesha kuliko damu. Wewe si mtu wa hivyo. Uza viatu vyako, soma vitabu vyako, olewa. Vitabu havimpigi mtu.

Wako,
Verediana


Ilomba
20 Mei 2024

Verediana,

Vitabu havimpigi mtu? Mwezi wa pili ulinitumia riwaya ambayo watu sita wanachinjwa kabla hatujafika katikati, ukaniandikia kwamba ulikula karanga hadi ukamaliza sahani. Damu ikiwa kwenye karatasi ni starehe, ikiwa kwenye gauni langu unakwenda kuungama.

Siachi jukwaa. Nikiacha, Bartholomeo amenipiga na mimi bila kunigusa. Jumapili nilipanda tena. Hawakucheka sana, lakini walikuja.

Na usiniambie mimi si mtu wa hivyo. Mimi ni mtu wa hivyo. Nimejiona.

R. Nkuba


Mbeya
2 Juni 2024

Shemeji Verediana,

Shikamoo. Ni mimi Charles. Barua sizijui, nisamehe.

Roza yuko hospitali. Alhamisi mchana wadogo zake Bartholomeo, wawili, walikuja kibandani Mwanjelwa. Mmoja aliulizia viatu namba ishirini na nane. Roza alipoinama kutafuta, walimpiga na kipande cha nondo, mdomoni. Walimwambia, "Chekesha sasa." Walimpiga mbele ya soko zima. Kina mama wa nyanya ndio waliowavamia kwa mizani na mawe, mmoja akashikwa pale pale, akapigwa mpaka nusu kufa, mwingine alikamatwa Ijumaa akipanda gari la Tunduma.

Taya limevunjika sehemu mbili, limefungwa kwa waya. Hawezi kuongea. Anakunywa uji kwa mrija. Meno manne hayapo. Jana aliandika kwenye kiganja changu kwa kalamu, "Mwambie Vere."

Sijui kama mmegombana. Kama mmegombana, acheni.

Charles


Ilomba
16 Juni 2024

Vere wangu,

Nimerudi nyumbani. Najua ulikuja hospitali siku zile nikiwa nimelala kwa dawa, Charles kanisimulia ulivyokaa ukinishika mguu kwa sababu ni sehemu pekee isiyouma. Anasema alikuamkia ukamwangukia shingoni unalia, na yeye akaganda kama nguzo ya umeme. Basi tumemaliza. Tusirudie maneno ya Mei.

Ila kitabu ulichoacha, mwanamke, unataka kuniua? Kitabu cha kuchekesha! Kwa mtu aliyefungwa taya! Nilifika pale yule mwenyekiti wa kijiji anapohutubia mkutano huku nyuki wameingia kwenye suruali, nikasikia kicheko kinapanda, hakina pa kutokea. Kilitokea puani. Waya ukavuta, nikatema damu kwenye shuka. Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena.

Sasa sikia. Jumanne alasiri mlango uligongwa. Charles akafungua, nyundo mkononi, maana siku hizi hafungui mlango bila nyundo. Alikuwa Sabina. Peke yake, kilemba kimeshuka mpaka kwenye jicho. Mshono umekauka vibaya, umevuta mdomo upande mmoja. Alisimama pale akasema, "Dada, nimekuja kukuona. Akijua ataniua, lakini ameshaahidi kuniua kwa mambo madogo kuliko hili."

Alikaa kitandani. Mimi siwezi kuongea. Akaona kitabu. "Nikusomee?" Nikatikisa kichwa kukubali. Vere, anasoma vizuri yule mwanamke! Alikuwa kiongozi wa kwaya kwao Chunya kabla hajaolewa. Alipofika kwenye nyuki sauti ikaanza kumtetemeka, mdomo wake uliovutwa ukagoma kutamka "suruali", akasema "thuruali", tukaangaliana. Alicheka. Mimi nikawa napiga godoro kwa ngumi, machozi yananitoka, damu nayo inatoka, na yeye ananipangusa kwa kanga yake huku anacheka anasema, "Basi dada, basi, utakufa!"

Tulipotulia aliniuliza, "Nani alikuambia kuhusu maji ya moto?" Nikamwandikia nyuma ya boksi la viatu: *Ni mtu wa Iringa. Sikukujua wewe kabisa.* Alisoma mara nyingi. Kisha akasema taratibu, "Kumbe wapo wengine."

Kabla ya kuondoka alisema, "Polisi niliwaambia nilianguka. Kesho nakwenda kuwaambia upya." Na alikwenda. Sasa yuko kwa dada yake, hajarudi kwa mumewe. Bartholomeo ameshakamatwa. Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Njoo.

Roza


Kihesa
29 Julai 2024

Roza mpenzi,

Ijumaa pale mahakamani hatukupata nafasi. Wewe shahidi ulifungiwa nje kwenye benchi, mimi nilikuwa ndani. Ulisikia kelele tu na ukaona askari wanakimbia, halafu basi langu likawa linaondoka, na stendi tulishikana mikono tu, wewe na taya lako, mimi na kwikwi zangu. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Sabina alipanda amevaa blauzi nyeupe. Wakili wa mume alikuwa kijana, ana adabu, lakini ana makali. Alimuuliza, "Mlikwenda ukumbini kwa hiari yenu wote wawili?" "Ndiyo." "Mume wako alikulipia kiingilio, akakununulia soda?" "Ndiyo, chupa hiyo hiyo." Watu wakaguna.

"Sasa alikukasirikia kwa sababu gani?"

"Nilicheka."

"Watu wote walicheka, mama. Kwa nini wewe tu?"

Nilidhani Sabina amekwisha. Nilifumba macho nikaanza Salamu Maria. Kisha nikamsikia, sauti ya kwaya, imenyooka mpaka mlangoni. "Kwa sababu mimi ndiye ninayechemsha hayo maji. Kila akinipiga, nachemsha. Napima kwa kiwiko yasimwunguze. Sikumwambia yule dada wala mtu yeyote. Nilicheka kwa kuwa nilidhani niko peke yangu duniani, kumbe siko."

Hakimu aliacha kuandika. Nyuma yangu mwanamke mmoja alitoa sauti, si kilio, si kicheko.

Na hapo, Roza, Bartholomeo akaruka kizimba. Bega lile ulilolivunja limepona, nakuhakikishia. Alimfikia kabla askari hawajaamka. Alimshika shingo kwa mikono miwili, akamgongesha kichwa kwenye mbao za pale anaposimama shahidi. Nilisikia kisogo chake kikilia. Mbele ya hakimu! Mbele ya ile picha ya Rais! Akawa anasema kwa sauti ya chini kabisa, kama wako chumbani, "Nyamaza. Nyamaza. Nyamaza." Askari mmoja alimpiga rungu, hakuachia. Wa pili alimpiga goti, hakuachia. Wakili wake mwenyewe ndiye aliyemng'ata mkono. Ndiyo, alimng'ata! Aliinuka na damu mdomoni na tai imezunguka mpaka mgongoni.

Mimi nilikuwa nimeshika kiti. Sikumbuki kukishika. Ni benchi ya watu wanne, lakini mwisho wake ulikuwa hewani na mimi ndiye niliyekuwa nimeuinua. Kama wasingemdhibiti, ningempiga nao, na nisingeacha. Ulivyoniandikia Mei nilikuhukumu. Sasa nimejiona na mimi.

Sabina aliinuliwa, akapewa maji. Hakimu akamuuliza kama ataendelea siku nyingine. Akasema, "Naomba niendelee leo." Akaendelea, damu ikimtiririka nyuma ya sikio. Wakili hakuwa na swali lingine.

Juzi Jumamosi, baada ya Jumuiya, niliwasimulia wenzangu. Hatukusoma kitabu. Mama Deo wa nyuma ya ukuta alikuwepo, tulimkaribisha mara ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kujua ni saa ngapi ofisi ya dawati la jinsia pale polisi inafunguliwa. Leo asubuhi nimempeleka.

Wako daima,
Verediana


Ilomba
23 Septemba 2024

Vere,

Kwanza hukumu. Bartholomeo miaka saba, kwa lile la ukumbini na lile la mahakamani. Wadogo zake miaka mitano. Na mimi, kwa vile nilikiri kwamba nilimpiga akiwa chini, nimepewa miezi sita ya kufagia kituo cha afya cha kata, kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Nafagia. Wagonjwa wananijua, wananiambia, "Roza, tuchekeshe kidogo." Nawaambia, "Serikali imenileta nifagie, sijapewa kibali cha kuchekesha." Wanacheka hapo hapo.

Waya umetolewa. Taya linalia kila nikifungua mdomo, "ka", kama mlango wa stoo. Meno ya kubandika Charles anasema yananipendeza, lakini Charles anasema kila kitu kinanipendeza. Harusi ni ile ile Desemba. Bado sijapanda jukwaani. Nimejaribu nyumbani, mbele ya kioo, nikifika pale pa kupaza sauti naona nondo inakuja. Nitapanda, sijui lini. Usiniulize, na mwambie Obeid asisome mwisho wangu kabla mimi sijafika.

Ila ukumbini nakwenda. Jumapili zote nakaa na watu, nalipa kiingilio kama wao, na Sabina anakaa nami. Amepanga chumba hapa Ilomba, anafundisha kwaya ya watoto na anauza maandazi. Vitabu vyako vyote amevimaliza, anadai vingine, tena anadai kwa ukali.

Mwanzoni alikuwa na jambo moja lililonikata moyo. Mchekeshaji akisema kitu, ukumbi mzima unalipuka, yeye hacheki. Anageuza kwanza shingo, anaangalia kushoto kwake, pale ninapokaa mimi. Anahakikisha ni mimi, si Bartholomeo. Ndipo anacheka, na watu wote wameshamaliza, kicheko chake kinabaki peke yake hewani, watu wanageuka kumtazama. Kila kichekesho, Vere. Ageuke, aangalie, acheke.

Jana alipanda binti mpya, anatoka Uyole, anasimulia jinsi mama yake alivyomfundisha kuku wao kwenda kanisani. Sabina alikuwa ameshika andazi. Binti akamwiga yule kuku anapokea mkono wa amani.

Sabina alicheka pamoja na watu wote. Hakugeuka.

Mimi ndiye niliyegeuka, nikamwangalia yeye.

Roza